Pete Nne za Chuma

Sisi tunaobeba moto hatuna jiko. Nalisema hilo kwanza, wajukuu zangu, kwa sababu wengi hudhani mtu anayepita na makaa kichwani mchana kutwa lazima kwake kuna chungu kinachochemka. Hakuna. Kwangu hakuna mafiga wala majivu. Nimebeba moto siku mia na kumi na nane, nimeufikisha kwenye nyumba nisizozijua majina, nimewasikia watu wakisema "Ah, sasa kumekucha" nilipowatilia kaa mekoni, na mimi mwenyewe sijapata kuinjika hata uji. Chakula changu ni muwa. Naukata, nautafuna mbichi, naumung'unya, uchachu wake nautema mtoni, naendelea na safari. Wanasema kule Maini wako watu wanaouokota uchachu huo na kuugeuza sukari tena, ikarudi mtoni, ikaliwa tena. Sijawaona. Lakini muwa ninaoula una ladha ya kitu kilichowahi kutafunwa, kwa hiyo naamini.

Na swali langu ni lile lile tangu usichana. Nani alipanga kwamba mbeba moto asiote? Na alipopanga hivyo, alinionea au alinipenda? Nimeliuliza kila kona. Mto haujibu. Mto unasukuma tu.

Nchi yetu haina jina. Ni mto mwekundu unaojizunguka, na katikati yake ipo ngoma moja isiyo na mpigaji. Dum, dum. Ikipiga, tunasogea. Inatutupa kwanza Mivukutoni, kwenye mifuko miwili mikubwa inayojaa upepo na kunywea, ikajaa na kunywea. Huko ndiko tunakochukua makaa. Kisha tunarudi kwenye ngoma, nayo inatutupa duniani: Kichwani, Tumboni, Mikononi, Miguuni, kila foleni na njia yake. Mzunguko mzima ni muda wa mtu kumenya ndizi na kuila. Ndiyo maana nikisema "jana" msinishike ulimi. Jana yangu inaweza kuwa asubuhi ya leo, inaweza kuwa harusi ya watu waliokwisha kufa. Mto ukizunguka, mbele na nyuma huwa mahali pamoja.

Lakini mtoni si nyumbani. Nyumbani ni Ubohoni.

Ubohoni ni ndani ya mfupa. Giza la huko lilikuwa laini, lina harufu ya supu iliyokaa muda mrefu. Mlezi aliketi katikati, na sisi wasichana tulimzunguka tumemwegemea kama ndizi kwenye mkungu, kila mmoja ubavu wake umegusa ubavu wa Mlezi, na yeye akitulisha kwa zamu bila kumkosa hata mmoja. Nilisoma madarasa machache tu: kusuka kikapu chekundu, kuhesabu mpaka nne, kukunja mgongo. Baada ya hapo masomo yakaisha, ikabaki kuondoka. Laiti ningejua kwamba zile ndizo siku zangu zote za kuegemea mtu! Ningeegemea zaidi.

Kila msichana wa Ubohoni huzaliwa na kisanduku chini ya kifua. Humo mna kila kitu: jina la mama, ramani ya nyumba, na wimbo wa namna ya kumsuka mtu mwingine kama wewe. Siku ya kutoka unasimama mlangoni. Mlezi anaweka kiganja chake chini ya kifua chako, anasema, "Toa, mwanangu. Nafasi hiyo ni ya moto." Unatoa. Anakipokea kwa mikono miwili, anakimeza mbele ya macho yako, polepole, kama mtu anayemeza dawa ya mwenzake. Kisha unatoka ukiwa umebonyea katikati kama kitumbua kilichokosa hamira.

Nilikuwa na nini katika kisanduku changu? Sijui. Ndivyo ilivyo: ukikitoa, unatoa na kukijua.

Nakumbuka kitu kimoja tu cha mlangoni. Baada ya kumeza, Mlezi alinipa pete nne za chuma nizifunge kikapuni, maana ndizo zinazoshika makaa, pete moja kaa moja. Nilipozipokea zilikuwa na uvuguvugu. Nikauliza, "Mlezi, mbona zina joto?"

Akasema, "Zilikuwa za mtu."

Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu.

*

Sasa niwaeleze mshipi, maana asiyejua mshipi hatanielewa huko mbele.

Kila mbebaji ana mshipi kiunoni, na visu vya kukatia muwa vimechomekwa humo. Kikapu kikiwa kimejaa makaa, kinakaa kichwani, na visu vimebanwa mshipini, havitoki hata uvute kwa meno. Wakati huo unanyonya utomvu tu wa muwa, na utomvu huo unageuka mafuta ya kujipaka, kwa sababu moto unarusha cheche na asiyejipaka huungua akiwa njiani. Ukifika, ukatoa makaa, kikapu kikawa kitupu, unakitundika mshipini pale pale penye visu. Kikapu kinavisukuma, visu vinaanguka mkononi. Hapo ndipo unapokata, unakula, unapata nguvu ya kurudi.

Mwenye kujaa hali muwa. Aliyetoa ndiye mwenye kisu.

Nilipokuwa na siku kumi niliona ni uonevu. Nilipokuwa na siku hamsini niliona ni ujanja wa mtu fulani aliyekaa kivulini. Nani huyo? Mwenye Nchi? Hakuna aliyemwona. Nilipofika siku mia niliacha kuona chochote, nikawa nakwenda. Kuna umri ambao swali linakuwa kama fimbo: hulitafutii jibu, unalitembelea.

*

Iko sauti inayotoka nje ya anga. Wabebaji vijana hawaisikii, nadhani masikio yao yamejaa mto. Mimi naisikia tangu siku ya tisini. Kusema kweli ni sauti mbili, ya msichana na ya mwanamke mzee, na siku ya safari hii ninayowasimulia zilikuwa karibu sana, kana kwamba anga limekuwa ngozi.

"Bibi, bado kimekufa ganzi?"

"Kipi?"

"Kidole. Hiki kidogo cha mwisho, cha mguu."

"Mwanamvua, mjukuu wangu, mimi hata sijui kama bado ninacho. Angalia wewe mwenye macho."

"Kipo. Kimekuwa cheusi. Na baridi kama kimetoka kisimani."

"Basi mwache daktari akikate. Ngoma zangu zote nimeshacheza."

"Usiseme hivyo, Bibi! Kasema akirudi adhuhuri akikikuta na joto hata kidogo, hatakata. Nitakisugua mpaka aje."

"Sugua, mwanangu. Ndiyo malipo ya halua niliyokuwa nikila nimejificha. Chai vijiko vitano. Mama yako alikuwa akinifokea, 'Mama, sukari hiyo!' Nami namwambia, sukari gani, mbona ni utamu tu."

"Na leo je?"

"Leo imekuwa sukari."

Mzee yule anaitwa Siwema. Nimewasikia wauguzi wakimwita hivyo. Mimi pia ni Siwema. Sijui ni nani kati yetu aliyempa mwenzake jina. Kuna nyakati huwa nadhani ninamwota, anageuka kitandani nami napinduka mtoni. Kuna nyakati huwa nadhani yeye ndiye mto. Sikupata darasa la mambo hayo.

Lakini adhuhuri niliielewa. Adhuhuri ilikuwa mbele yetu, nasi tulikuwa tumepangwa foleni ya Mguuni.

*

Nyuma yangu alikuwa Pandu, mtu wa makamo, siku sabini hivi, mdomo hauna pazia. Mbele yangu msichana mgeni.

"Bi Siwema!" akaita Pandu. "Bado upo? Bandama, kwenye lango la wazee, wamekusahau?"

"Hawajanisahau. Nimewaambia waanze na wenye kelele."

"Angalia usije ukalala njiani, mgongo wenyewe huo umekuwa mbao."

"Mbao ndiyo inayovusha watu, Pandu. Wewe maji tu."

Watu wakacheka. Msichana hakucheka. Alikuwa anakwenda upande upande, mkono mmoja kwenye kikapu, mwingine chini ya kifua, kama mtu aliyeficha yai ndani ya kanga.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Una siku ngapi?"

"Mbili."

"Na jina?"

"Mwanamvua."

Ningekuwa na moyo ungeruka. Nikalitazama anga, nikahisi mto unapashwa joto kwa mbali, kama mtu anasugua.

Tulikwenda. Njia ya Mguuni huanza ikiwa barabara, ikawa mtaa, ikawa uchochoro. Zamani, mto huu ulipokuwa mchanga, nyumba za huku zilikuwa na shangwe. Nawaambia niliyoyaona kwa macho yangu mawili, au niliyoyaonja, ni mamoja: kulikuwa na siku za sikukuu ambapo sukari ilifurika mtoni mpaka maji yakawa mazito, miwa inaelea kila mahali, tunadaka hata bila kunyoosha mkono. Tuliimba. Mekoni kote kulikuwa na moto, na vile vidole vya mwisho wa dunia vilikuwa vikicheza, naapa, vinakanyaga ardhi kwa mpigo na sisi tunarushwa juu ndani yake, huku tunacheka. Hatukujua kwamba utamu unanata. Ulinata kwenye kuta, kuta zikawa ngumu, njia zikawa nyembamba. Ulinata kwenye vikapu vyetu. Changu ukikigusa ukingoni vidole vinashika. Unaweza kukipenda kitu kikakuzibia njia, na bado ukakikumbuka kwa mate mdomoni.

Tukafika Kichochoro cha Kidole.

*

Mlango wa kichochoro ni mwembamba kuliko mtu. Si kwamba ni mwembamba kidogo: upana wake ni nusu yako. Ndiyo sababu ya lile somo la tatu, kukunja mgongo. Unajikunja kama mkeka, unapita mmoja mmoja, ubavu unasugua ukuta, na huko ndani ndiko zilipo nyumba zinazongoja moto.

Msichana akaingiza kichwa. Akaingiza bega. Akakwama.

"Jikunje," nikamwambia.

"Najikunja."

"Zaidi."

"Haiwezekani, Bibi!"

Nyuma foleni ikaanza kujaa. Ngoma, dum, inasukuma watu juu ya watu.

"Nani kaweka kinu mlangoni?" akapiga kelele Pandu. "Msukumeni huyo!"

"Asimsukume mtu," nikasema. "Akipasuka hapo, ukuta nao utapasuka, na njia itakuwa imekufa."

Ndipo tukaisikia sauti kutoka ndani. Ilikuwa ya Mama Meko, mwenye nyumba ya mwisho, nyumba ya ncha ya kidole. Alikuwa akizungumza polepole, kama mtu anayehifadhi pumzi.

"Jamani, yupo mtu hapo? Nimewasikia. Watoto walikuwa wakilia baridi tangu asubuhi. Sasa wameacha kulia."

Pandu mwenyewe akarudi nyuma hatua moja.

Nikainama mpaka uso wangu ukawa karibu na wa Mwanamvua. Sina haraka mimi, wajukuu zangu, sijawahi kuwa nayo, hata siku ile yenye adhuhuri shingoni. Mtu mwenye haraka humvunja anayemwokoa. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Umebeba nini hapo chini ya kifua?"

"Sina kitu."

"Mwanangu."

Akaanza kulia. "Siku ile tulitolewa mbio mbio. Mivukutoni walikuwa wanalia hawana wabebaji wa kutosha. Mlezi alikuwa na wasichana wengi mikononi. Aliponiambia 'Toa', nikasema, 'Nimeshatoa.' Akaniamini."

Nikafumba macho. Tangu mfupa uwe mfupa, nani aliwahi kumdanganya Mlezi? Na hata hivyo nilimwona msichana wazi pale mlangoni, anaaminiwa na mtu aliyechoka, na aibu yake imekaa chini ya kifua pamoja na kisanduku, vyote viwili vigumu, vyote viwili havikunjiki.

"Toa sasa."

"Nikitoa nitakuwa nani? Humu mna jina la mama yangu. Nakifungua usiku nalisoma. Wewe, Bibi, jina la mama yako nani?"

"Silijui."

"Unaona!"

"Naona. Sitakudanganya, lilikwenda na halikurudi. Nimelitafuta sana." Nikakishusha kikapu changu kidogo, makaa yote manne yakiwaka, nikamsogezea ukingo wake. "Lamba hapa."

"Nini?"

"Lamba tu. Watu wanakufa, tusibishane."

Akalamba. Kwikwi ikamkatika. "Halua," akasema. Akalamba tena. "Ina iliki. Na... kuna watu wanaimba."

"Ni harusi. Sijui ya nani. Nilikuwa na siku ishirini na mbili. Hapo kushoto je?"

"Chungu kidogo. Kama mtu alifunga, hakula siku nzima."

"Siku ya arubaini. Tulitembea kwa njaa. Yule aliyekuwa mbele yangu alinikatia nusu ya muwa wake, nami simjui mpaka leo, lakini mkono wake uko hapo, chini ya ulimi wako. Hayo yote sikuyaandika popote, Mwanamvua. Sina pa kuyaandika. Yamenata yenyewe nilipokuwa napita. Cha kwako hakina ladha kwa sababu hujatembea. Una kisanduku cha mtu ambaye hajafika popote."

Alinitazama. Nyuma, mtu mmoja akaguna, Pandu akamwambia, "Nyamaza wewe, Bibi anaongea."

"Kitaniuma?"

"Kitakuuma. Halafu hutajua ni nini kilichouma."

Akaweka kiganja chini ya kifua, mwenyewe, bila Mlezi. Kisanduku kikatoka. Kilikuwa cha buluu iliyoiva, kidogo kuliko nilivyodhani. Alikishika akitafuta pa kukiweka, na hapo ndipo alipopita mmoja wa wale wafagiaji weupe wanaozunguka mtoni wakiokota vilivyoanguka. Akasimama. Akanyoosha mikono miwili. Akakimeza polepole, vile vile kama Mlezi, kisha akamgusa msichana shavuni akaenda zake.

"Jina lako nani?" nikamuuliza.

"Mwanamvua." Akashtuka. "Hilo limebaki!"

"Hilo wanakuita watu. Halikai kisandukuni. Haya, jikunje."

Akajikunja kama chapati, akapita. Nami nikajikunja nyuma yake, mgongo ukilia, na Pandu na wengine wakaelekea nyumba nyingine za humo ndani.

*

Ndani kulikuwa na baridi ya kisima. Mama Meko alikuwa ameketi mbele ya mafiga yaliyolala, watoto wamemlalia mapajani, midomo imeingia rangi ya zambarau. Mwanamvua akapiga magoti, akakitikisa kikapu chake. Kaa la kwanza hutoka kwa shida siku zote. Likishatoka, yale matatu hulifuata kama kondoo. Yakadondoka yote mekoni. Yakapumua mara moja, yakafifia.

"Hayatoshi," akasema Mama Meko. Hakulaumu. "Jiko limekaa muda mrefu mno. Linakula kabla ya kuwaka."

Nikasogea na kikapu changu. Nikatikisa. Hakikuanguka kitu. Nikatikisa tena. Zile pete nne zilikuwa zimeshika makaa kama mtu anayeshika pindo la nguo ya anayesafiri. Utamu ulikuwa umezinata. Harusi, iliki, nyimbo, vyote vilikuwa vimekaa kwenye bawaba za pete, havitaki kuachia.

Nani angedhani? Nilikuwa nimetoka kumfundisha mtoto kwamba unachokipitia kinabaki nawe. Sasa kilikuwa kimebaki.

Dawa ipo. Inaitwa kabari. Unakata muwa wako kipande, badala ya kukila unakichonga, unakipigilia katikati ya kikapu, pete zinaachama. Kabari ya muwa wa mtu mwingine haishiki. Kila kikapu kinajua muwa wake. Nami nilikuwa na kipande kimoja. Mikono yangu siku hizi haidaki tena vinavyoelea. Hicho nilikidaka juzi, nikakificha kwa safari ya kurudi.

Na visu vyangu, mnakumbuka, vilikuwa vimebanwa mshipini. Mwenye kujaa hana kisu.

"Mwanamvua," nikasema. "Tundika kikapu chako."

Akakitundika. Visu vyake vikaanguka mkononi, vipya, vinang'aa, akavishangaa, maana alikuwa bado hajavizoea. Nikampa muwa wangu.

"Kata."

Akakata haraka kama aliyezaliwa anakata, akaninyooshea. "Kula, Bibi."

"Si wa kula. Nichongee kabari."

"Na utarudi kwa nguvu gani?"

"Chonga, mwanangu."

"Bibi, utarudi kwa nguvu gani?"

Alichonga huku analia, na kabari ikatoka nzuri kuliko zote nilizopata kuziona. Nikaipigilia kwa kiganja. Pete ya kwanza ikalia, ikaachama. Kaa likaanguka. Yakafuata matatu.

Moto ukashika.

Ulishika vizuri, kwa sauti, kama kuni zilikuwa zinangoja tu kuambiwa. Mtoto mmoja akapiga chafya. Mwingine akaanza kulia, na Mama Meko akamkumbatia kwa kilio hicho kama mtu aliyeletewa zawadi, akasema, "Ah. Sasa kumekucha."

Nilisimama hapo na kikapu kitupu. Mwanga ulinifika usoni, joto lilipita kwangu likaenda kwao. Nikalifikiria swali langu la siku zote, na safari hii halikuniuma. Nchi nzima ina majiko, na mimi nimetoka Mivukutoni mpaka ncha ya kidole bila kupunguza hata cheche. Kama ningekuwa na jiko langu, ningefika na majivu. Hilo si jibu, nalijua. Mtu anaweza kuelewa sababu na bado akatamani kuinjika uji.

Nikatundika kikapu mshipini. Visu vyangu vikaanguka mkononi, vyote, na hapakuwa na muwa wa kukata.

Nje ya anga, sauti ikasema, "Bibi."

"Mmh."

"Bibi, tulia. Usitikisike. Kina joto."

"Unajifariji."

"Haki ya Mungu! Kidogo, lakini kina joto. Na hapa kwenye kucha pamekuwa pekundu. Nimwite daktari?"

"Usimwite. Anakuja mwenyewe. Weka mkono wako hapo hapo."

*

Mwanamvua alinishika mkono mpaka mtoni. Huko kila mtu na mkondo wake. Pandu alipita na kikapu kitupu, anatafuna muwa, akafungua mdomo aniambie neno la mzaha, akaliona lango lililokuwa mbele yangu, akaufunga. Akasema tu, "Bi Siwema." Hiyo kwa Pandu ni hotuba.

"Nitakukumbuka," msichana akaniambia.

"Huna pa kuniweka."

Akainua kikapu chake kipya. Ukingoni, pale nilipokuwa nimeshikilia njia nzima, palikuwa na doa dogo la kunata. Akaligusa kwa ulimi, akatabasamu, ngoma ikapiga, mto ukamchukua kwenda Mivukutoni.

Bandama ni lango la nyufa. Aliye laini hupenya akaendelea. Aliye mgumu hubaki. Nilijaribu kupenya, kwa adabu tu. Mpasuzi akanipokea, mtu mweupe mwenye mikono mipana, na mikono hiyo niliijua: ni nduguye Mlezi, hilo halihitaji kuulizwa. Hakunivuta. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kikapu changu, akakilamba.

"Ulikuwa na harusi," akasema.

"Nilikuwa nayo."

"Ilikuwa nzuri."

"Sana."

Kisha akaanza kufungua, uzi mmoja mmoja, bila pupa, nami sikuona uchungu wowote ila ule wa mtu anayefuliwa shuka aliyoizoea. Alipofika kwenye pete nne aliziweka pembeni, juu ya kitambaa safi.

"Hizo unazipeleka wapi?"

"Hizi haziachwi," akasema. "Zinarudi Ubohoni. Kuna msichana yupo mlangoni sasa hivi, ametoa kisanduku chake, anangoja."

Ubohoni! Nikaisikia ile harufu ya supu. Nikahisi ubavu wangu ukigusa ubavu wa mtu. Mimi niliyedhani njia ya kurudi haipo, kumbe nilikuwa nimeifunga kikapuni tangu siku ya kwanza. Na ule uvuguvugu, siku mia na kumi na nane zilizopita, ulikuwa wa mwanamke fulani aliyeketi hapa nilipoketi, mikono imetoka mekoni hivi punde.

Mpasuzi alikuwa anazipuliza pete kwa mdomo, ili zipoe kabla ya kuzifunga.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "usizipulize. Zipeleke hivyo hivyo."